Chuma cha Kuwekea Miguu ya Nyanya

Jumapili iliyopita tulipanda baiskeli kutoka Kisii mjini hadi Keroka, watu wazima wanane wenye kazi zao na vitambi vyao vidogo. Tulipofika tukaketi kwenye ukuta wa duka kunywa chai na kula mandazi. Mmoja wetu ni daktari wa meno ambaye hununua kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya baiskeli. Akatuuliza ni kifaa gani kilichowahi kubadilisha kabisa safari zetu. Yeye mwenyewe alitaja kaptura yake yenye sponji makalioni, na hakuna aliyembishia. Mwingine akataja gia nyepesi za kupandia mlima, mwingine taa ya nyuma inayomulika mchana. Zamu yangu ilipofika nikasema, kifaa changu ni chuma cha kuwekea miguu, cha abiria. Walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia kuna nini. Baiskeli zetu hizi hazina hata keria, huyo abiria atakaa wapi?

Niliwaacha wacheke. Wao nimewajua mwaka jana tu, na chai ilikuwa inapoa. Lakini wewe na mimi tumetoka mbali, kwa hiyo keti nikueleze.

Kwetu ni Gesima, upande wa juu, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona majani chai yakiteremka mpaka mtoni na kupanda tena ng'ambo ya pili. Baba alikuwa na baiskeli moja kubwa nyeusi ya chuma kizito, ile ambayo ikikuangukia unaita watu. Sisi watoto tulijifunza kuiendesha kabla hatujafika juu ya kiti. Unapitisha mguu mmoja chini ya chuma cha katikati, unakanyaga pedali ukiwa umejikunja upande mmoja wa baiskeli, na unaenda hivyo, mwili nje, kichwa kimeinama, ukiomba Mungu ng'ombe wasivuke njia. Mimi nilikuwa msichana, na wako waliosema msichana haendeshi baiskeli. Nyanya aliwaambia waje wabebe mahindi yetu kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga, na waliposhindwa kuja, maneno yakaisha.

Kufikia darasa la saba nilikuwa nimeshafika juu ya kiti, na baiskeli ile ilikuwa kama yangu. Alasiri nilipeleka majani kwenye kituo cha kununulia, gunia limefungwa kwenye keria kwa mpira mweusi uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Jumatano nilipeleka ndizi. Ijumaa nilienda kusaga. Nilijua kila jiwe la njia ile. Nilijua pia kwamba mvua ya saa tisa ikishapita, udongo mwekundu hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na unashuka na kijiti kuukwangua ukiwa na hasira. Harufu ya udongo ule na majani mabichi ya chai yaliyolowa bado naijua, ukinifunga macho na kunisimamisha pale nitakuambia ni saa ngapi.

Nyanya, mama yake baba, aliishi katika nyumba yake ndogo upande wa chini wa boma letu. Tulimwita Magokoro, kama tunavyowaita nyanya wote kwetu. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu mdomo huo nimeurithi. Alipika chinsaga, mboga yetu ya majani machungu, kwenye chungu kila Ijumaa mchana, akazimiminia maziwa na kuziacha zilale, na Sabato ukizila baridi na obokima, yaani ugali, ulisahau uchungu wake wote. Shamba lake la chinsaga lilikuwa dogo kama mkeka, na alilipenda kuliko baadhi yetu.

Sasa, hapo ndipo palipotokea neno. Ndama wa jirani alikata kamba akaingia shambani kwa nyanya, akala chinsaga zote, hata mashina. Jirani huyo alikuwa mwanamke wa rika lake, mjane kama yeye, na mashamba yao ya chai yalipakana. Kwa miaka mingi kuliko umri wangu walikuwa wakichuma pamoja, kila mmoja upande wake wa mpaka, wakipigiana kelele za umbeya juu ya majani. Jirani alikuja kuomba msamaha siku ile ile akiwa na mtindi kwenye kibuyu. Lakini nyanya alikuwa ameshaenda kituo cha majani, na pale mbele ya wachumaji wote akasema kwamba ndama yule hakukosea, amefuata tu desturi ya mwenye boma, maana huyo naye hula bila kualikwa. Watu walicheka. Jirani, aliyekuwa akimfuata, alisikia kabla hata hajafika kituoni. Alirudi nyumbani na kibuyu chake.

Nyanya alijua amekosea. Alijua usiku huo huo, na mimi niliyelala kwake nilimsikia akigeuka geuka kitandani. Lakini kwenda kwa mtu na kusema nimekosa, hilo lilimshinda. Kisha goti lake la kulia likaanza kuvimba. Kwanza alitembea na fimbo, halafu akawa anafika mwisho wa boma tu, halafu mlangoni. Kanisa letu liko ng'ambo ya mto: unaenda na njia ya mlimani, unateremka mteremko mrefu mpaka darajani, kisha kuna kipande cha kupanda. Sabato nne zikapita, zikawa nane. Nyanya alikaa nyumbani akisikiliza ringi ya lori inayogongwa badala ya kengele, na kwa nyimbo zilizovuka mto alijua ibada imefika wapi.

Lazima nikueleze jambo moja la kanisa letu, kwa kuwa wewe si Msabato. Mara moja kila robo ya mwaka mchungaji anapokuja kwa ajili ya meza ya Bwana, kwanza watu huoshana miguu. Wanaume huenda upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili, karai la maji ya uvuguvugu na taulo. Unapiga magoti, unamwosha mwenzako, naye anakuosha, mnaombeana. Nyanya na jirani walikuwa wameoshana miguu kila robo tangu walipokuwa maharusi. Na inajulikana, ingawa hakuna anayeitangaza, kwamba kama una neno na mtu, hapo ndipo mahali pa kulimaliza. Unaweza kuinama mbele yake na hakuna atakayeuliza kwa nini umeinama.

Robo hiyo ilikuwa inafika mwisho, na habari ikaja na wachumaji: mtoto wa jirani, aliyepata kazi Nakuru, anakuja na pikapu Jumapili kumchukua mama yake akaishi naye. Jumapili hiyo ni siku moja tu baada ya Sabato ya meza ya Bwana. Nyanya alisikia akiwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, lakini nikaona anatupa yale mazuri na kubakiza mawe.

Jioni hiyo aliniita. "Ile baiskeli," akasema, "inaweza kubeba mtu?"

Baba alikuwa na njia nyingine, ya wilbaro. Nyanya alikataa kabisa. Alisema kwenye wilbaro hubebwa mbolea na walevi, na yeye hajawa mmoja wao. Baba mwenyewe hangeweza kumbeba kwenye baiskeli, na hili watu wa nje huwa hawalielewi. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, inayomtenga mzazi na mtoto wake aliyekomaa. Mama hawezi kumshika mwanawe kiunoni mbele ya watu. Baba na nyanya hawakuwahi hata kutaniana, wakiongea huangalia kando. Lakini mjukuu na nyanya hawana mpaka. Mjukuu anaweza kumwambia nyanya yake kwamba ni mzito, naye anaweza kumwita mjukuu mke mwenza, na wote wakacheka. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, au haikuwa ya mtu.

Tena kulikuwa na jambo la Sabato yenyewe. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha mambo. Alisema baiskeli ni chombo cha kazi, hubeba majani na ndizi, na siku takatifu hukaa ukutani. Nyanya akajibu, akiangalia mlango, kwamba Bwana Yesu alipopanda punda kuingia Yerusalemu hakuuliza kama punda huyo jana alibeba kuni. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alichukua jembe akaenda shambani.

Nilianza mazoezi na mikungu ya ndizi, kwa sababu niliona uzito wa miwili unakaribia wa nyanya. Nikafunga mikungu miwili kwenye keria, nikaenda hadi njia panda na kurudi bila kutetereka, nikajiona fundi. Kosa langu ni kwamba mkungu wa ndizi hauogopi. Unakaa ulipofungwa. Siku ya Jumatano nilimketisha nyanya upande kwenye keria, nikaweka gunia chini yake, akanishika kiuno, tukaanza. Miguu yake ilining'inia, na goti lile lililovimba likawa linavutwa na uzito wa mguu wake wenyewe. Kila nilipopinda kidogo yeye aliinamia upande wa pili kujiokoa, na miguu ikawa inatafuta ardhi. Hatukufika mbali. Baiskeli iliingia kwenye majani chai, nasi tukafuata.

Kama umewahi kuangukia majani chai unajua kwamba hayaumizi sana, yanakushikilia juu kama godoro gumu. Tulilala pale tukiangalia mawingu, nyanya akiwa ameng'ang'ania kiuno changu bado. Tatizo ni kwamba yalikuwa majani chai ya jirani. Na jirani mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wake, ng'ambo ya mistari sita ya chai, anatuangalia.

"Amecheka?" nyanya akaninong'oneza, bado amelala.

"Hapana, Magokoro."

Nilidanganya. Jirani alikuwa amejiziba mdomo kwa leso na mabega yake yanatikisika. Kisha aliacha kucheka, akapiga hatua moja kuja kwetu, akasimama, akarudi ndani. Hatua hiyo moja niliiona, nikalala nikiifikiria.

Asubuhi yake nilimwangalia nyanya akiwa jikoni kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na miguu yake, kama kawaida, ilikuwa juu ya gogo dogo karibu na moto. Gogo hilo lilikuwa pale miaka yote. Miguu ikiwa juu ya gogo, nyanya aliweza kuinama kufikia chungu, kugeuka kuchukua chumvi, kucheka mpaka machozi, na goti lilinyamaza. Nikamwondolea gogo kwa makusudi. Alikunja uso, akashika ukuta, akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamrudishia. Halafu nikaenda kumwomba mama ruhusa ya kwenda Masimba Ijumaa baada ya shule.

Fundi wa Masimba alikuwa na kibanda kando ya barabara, nyuma ya maduka, cheche zikiruka mpaka kwenye mtaro. Hakuwa Mkisii, alitoka upande wa ziwa, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, chake cha haraka na changu cha kitabuni.

"Hii futresti ni ya mzigo ama ya mtu?" akauliza.

"Ni ya nyanya yangu."

"Uzito yake ni kama ya nini?"

"Mikungu miwili ya ndizi na kidogo."

Alicheka akasema abiria wa aina hiyo anawajua, yeye mwenyewe anaye mmoja nyumbani. Alichukua kipande cha chuma kilichotoka kwenye kitanda kilichovunjika, akakikunja, akachomelea kipande cha bati gumu chenye upana wa miguu miwili, akatoboa matundu matatu ili kiweze kushushwa au kupandishwa, akakifunga kwenye ekseli ya nyuma kwa nati. Aliniuliza urefu wa mguu wa nyanya. Mimi, kwa akili zangu za darasa la saba, nikanyoosha wangu.

Nilipanda kurudi Gesima nikishindana na jua. Ijumaa kwetu kila kitu kinashindana na jua. Njiani kila boma lilikuwa mbioni: huyu anamalizia maji, yule anasugua viatu, watoto wanaogeshwa kwenye karai nje wakilia, moshi wa jikoni umejaa kila mahali kwa sababu chakula cha kesho lazima kiive leo. Nikafika, nikaiosha baiskeli mpaka spoki moja moja, nikaondoa ile mipira ya kufungia mizigo, ili isifanane na chombo cha kazi. Kisha nikamketisha nyanya ajaribu. Magoti yake yakapanda mpaka karibu na kidevu. Chuma kilikuwa juu mno.

Nikailegeza nati kwa spana ya baba, nikakishusha hadi tundu la mwisho, nikairudisha nati kwa vidole. Nikainyanyua spana ili nikaze, na pale pale nikasikia sauti ya baba nyuma yangu.

"Jua limezama."

Niligeuka. Kilima cha magharibi kilikuwa kimelimeza jua kweli, ulibaki wekundu tu. Nikamwambia, Tata, ni nati moja. Akanyoosha mkono, nikampa spana. Ndani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kuikaribisha Sabato, na tukaingia. Niliimba nikiwa nimekasirika, na nadhani Mungu alisikia hivyo hivyo.

Asubuhi nyanya alikuwa ameshaamka zamani. Alikuwa ameosha miguu yake mara tatu, kwa sababu, alisema, hatakubali mwanamke yule akute hata chembe ya udongo kwenye kucha zake. Amejipaka mafuta, amevaa blauzi nyeupe na kitambaa kipya kichwani, viatu amevitia kwenye mfuko wa plastiki. Nami nilikaza nati kwa vidole mpaka ngozi ikachubuka. Mama alitangulia na wadogo zangu. Baba, ambaye kila Sabato huondoka wa kwanza kwenda kufungua kanisa, siku hiyo alimpa mtu mwingine ufunguo, akasema kuna kitu amesahau, akabaki.

Sasa nikuambie kuhusu chuma kile, maana ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo. Nyanya aliweka miguu juu ya bati, akaegemea, nami nikakanyaga pedali. Nilikuwa nimebeba mizigo kwenye baiskeli ile mwaka mzima, lakini siku hiyo ndiyo kwanza nilibeba mtu akabebeka. Kwa sababu alikuwa na mahali pa kukanyaga, hakuogopa, na kwa sababu hakuogopa, alipinda nilipopinda. Nilihisi kila kitu kupitia mikono yake kiunoni: sasa anageuka kuangalia chai ya fulani, sasa anavuta pumzi aseme neno. Baiskeli ile ngumu ilitulia chini yetu. Hata leo nikiwa na kiti laini na matairi yenye gharama, sijawahi kupata mwendo wa raha kama ule. Nyanya akaanza kuimba. Alisalimia kila tuliyempita, hata wale aliowasema vibaya. Nyuma, mbali kidogo, baba alikuwa akitembea na Biblia yake kama mtu asiyetujua.

Tulianza kuteremka. Breki zilishika vizuri, umande ulikuwa bado kwenye nyasi, tukauona mto. Na katikati ya mteremko nati ikaachia. Chuma kilizunguka kikaelekea chini, miguu ya nyanya ikaanguka hewani, akapiga kelele ya maumivu, akanivuta kwa nyuma. Niliiegemeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo kando ya njia, bega langu likiukwaruza mpaka tukasimama. Hatukuanguka. Lakini nyanya alipoketi kwenye ukingo, goti lake lilikuwa linatetemeka lenyewe, na yeye hakuimba tena.

Ringi ikagongwa mara ya pili ng'ambo. Maana yake watu wanaingia, na muda si mrefu watatoka kwenda kuoshana miguu. Nikarudisha chuma juu, nikakaza kwa vidole, nikakaza nikiuma meno kwa hasira, nikajaribu kwa jiwe. Kikaanguka tena. Watu wa kanisa walikuwa wanapita wamevaa mavazi yao, wanatupa pole. Nani atatoka na spana siku ya Sabato?

"Basi," nyanya akasema. "Nirudishe. Ataenda tu Nakuru, watu huenda." Aliuambia mguu wake, wala si mimi. Sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Kivuli kikatufikia. Baba alisimama juu yetu katika suti yake ya kijivu, ile moja. Aliangalia chuma, akaangalia watu waliokuwa wanapita, akaangalia kwa muda mrefu mahali pasipo na kitu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule anaowekea kitabu cha somo, akatoa spana. Sijui aliitia humo saa ngapi. Alipiga magoti kwenye udongo mwekundu, karibu kabisa na miguu ya mama yake, na nyanya kwa heshima akageuza uso. Baba akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Imeandikwa," akasema huku ameinama, labda kwetu, labda kwa wapitao, "ng'ombe wa mtu akitumbukia kisimani siku ya Sabato, atamtoa."

Nyanya akiwa bado anaangalia upande akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye ng'ombe?"

Niliona mabega ya baba yanasimama. Kisha akacheka. Alicheka pale chini amepiga magoti, na nyanya akacheka, wote wawili wakiangalia pande tofauti. Ulikuwa utani wa kwanza niliowahi kusikia kati yao, na sikusikia mwingine.

Tulivuka daraja. Kwenye kipande cha kupanda baba alisukuma keria kwa nyuma, akasukuma baiskeli, hakumgusa nyanya. Tulipofika wanawake walikuwa wameshatoka, wako kwenye darasa la watoto nyuma ya kanisa, wawili wawili, wengi wamemaliza. Jirani alikuwa kwenye benchi la mwisho peke yake, karai mbele yake, taulo begani. Shemasi mmoja wa kike, kijana bado, alikuwa anamwambia kwamba yuko tayari kumwosha. Nilimsikia jirani akisema, "Acha kidogo."

Nyanya alitembea kutoka mlangoni kwa fimbo na bega langu. Hakuna aliyeimba, au labda waliimba na mimi sikusikia. Jirani alipiga magoti kwanza, akamwosha, taratibu sana kwenye mguu wa goti lile. Zamu ya nyanya ilipofika akajaribu kuinama na goti likakataa. Akajaribu tena. Jirani akasema, "Wacha, Mong'ina," kama wanavyoitana wanawake wazima kwetu, akaliinua karai akaliweka juu ya benchi, akamketisha kando yake, akainua miguu yake mwenyewe mpaka mapajani mwa nyanya. Nyanya akaiosha hapo, maji yakilowesha sketi yake ya Sabato.

"Ndama alikuwa wako," nyanya akasema, bila kuinua macho. "Lakini maneno yale yalikuwa yangu. Nimekosa."

Jirani alishusha taulo begani. "Ndama aliniambia," akasema, "kwamba chinsaga zako zilikuwa tamu."

Walicheka wakilia, wakashikana hivyo hivyo na miguu iliyolowa, mpaka mke wa mchungaji akaja kutuambia tunangojewa. Kule mbele baba alisoma fungu la siku akiwa na maduara mawili ya udongo mwekundu magotini, na wazee wenzake hawakumwuliza.

Jumapili pikapu ilikuja, jirani akaondoka na kuku wake na kibuyu kimoja ambacho nyanya alikijaza mwenyewe. Mimi niliendelea kumbeba nyanya kila Sabato mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni, na baada yangu mdogo wangu akashika zamu. Hakukosa robo hata moja tena.

Alipofariki nilikuwa chuoni. Jirani alikuja mazikoni kutoka Nakuru, amekuwa mdogo kama mtoto, anaongozwa na mwanawe. Aliniita kwa kidole, akaniketisha. Akaniambia kwamba Sabato ile alikuwa amejiapiza moyoni: maji ya karai yakipoa kabla mwenzake hajaja, basi, ataondoka na hasira yake na hatarudi Gesima hata kwa msiba. Alikuwa anaingiza kidole kila baada ya muda kupima. "Mlipoingia," akasema, "yalikuwa yamebakiza joto kidogo tu." Nilikumbuka baba amepiga magoti, nikakumbuka jinsi nilivyompa spana kwa hasira jioni ile. Nilimshika mkono tukakaa.

Mambo mengi ya wakati ule hayapo sasa. Njia imewekwa changarawe, na nyanya wa siku hizi huenda kanisani kwa pikipiki yenye vyuma vya miguu ambavyo hakuna anayevitazama. Boma la jirani ni majani chai mpaka mlangoni. Baiskeli ililiwa na kutu, baba amezeeka na anatembea taratibu na fimbo. Sina huzuni nayo sana, nilikula sehemu yangu nikashiba. Ila nikiteremka mlima wowote huwa nafunga breki mapema kuliko inavyohitajika, na kwenye kona napinda taratibu, nikimpa nafasi mtu wa nyuma apinde nami. Miaka yote hii mwili wangu haujakubali kwamba keria haipo.